Goti la Dada kwenye Karatasi

Tarehe 12 Februari

Dada,

Shikamoo. Leo umetimiza wiki moja tangu ufanyiwe upasuaji wa goti, na habari zako nazipata kwa mke wangu tu, maana yeye ndiye mwenye masikio ndani ya nyumba hii. Simu nimeisusa. Miaka thelathini na moja ya mashine ya kukatia vigae imeniachia mluzi usiokatika, na mtu akinipigia namsikia kama anayetafuna. Ujumbe wa maandishi nao wifi yako anausoma kwanza, halafu ananihadithia anavyotaka yeye. Tuandikiane kama zamani.

Anasema umesema unaendelea "vizuri tu". Dada, hata siku ile pasi ilipokuunguza kiganja ulisema vizuri tu. Neno hilo silitaki.

Hali yangu unaijua. Goti limesagika kama lako lilivyokuwa, daktari kanionyesha kwenye picha, mfupa juu ya mfupa. Miaka sita wananiambia nikabadilishiwe, miaka sita nawaambia nitafikiri. Sasa wamenipa tarehe, ishirini na saba Juni, nami nimewajibu nitaithibitisha nikishaliona lako. Kuona, siyo kusikia.

Fanya hivi. Chukua ile karatasi ya kahawia unayochorea vipande vya nguo, itandike kwenye meza ya kukatia, kaa juu yake. Laza mguu wa kulia, huo uliopasuliwa, ukunje mpaka ugome, binti yako auzungushie chaki. Karatasi itie kwenye bahasha. Nitaipima mwenyewe kwa kipimapembe changu cha kazini. Mguu ulionyooka ni nyuzi sifuri. Goti jipya likipona sawasawa wanasema linapita mia na kumi kabla miezi mitatu haijaisha. Likipita, naenda. Lisipopita, nabaki na fimbo yangu na mtu asinisumbue tena.

Naogopa, dada. Nimekwambia wewe tu.

Mdogo wako


Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Una maudhi wewe! Watu wanaletewa matunda wakiwa wagonjwa, mimi naagizwa kuchora mguu. Binti yangu alicheka mpaka chaki ikamponyoka. Hiyo hapo. Utaona nyuma ya goti mstari umetetereka. Hapo nilimsukuma mkono.

Mtaalamu wa mazoezi kapima kapata sitini na moja. Kwa wiki ya tatu anasema iko chini kidogo ila si ya kutisha, mradi nifike tisini ikifika wiki ya sita. Ni bwana mpole wa maneno, mikono yake ndiyo haina upole. Mara mbili kwa wiki naenda kwake, na nyumbani nimeambiwa nikunje mara tano kwa siku.

Binti anarudi kazini kwake Jumapili, likizo imekwisha. Jirani wa mlango wa pili atakuwa ananiwekea maji bafuni. Cherehani nimeifunika shuka ili isinitazame.

Umeuliza kwa wifi habari za chumba cha upasuaji. Hakuna la kusimulia. Wanakuchoma sindano ya mgongoni, miguu inakufa ganzi, ukija kushtuka uko wodini na bendeji. Basi.

Wewe punguza kupiga magoti. Na uthibitishe hiyo tarehe, usingoje mambo ya karatasi.

Dada yako


Tarehe 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimepima mara tatu, sitini na moja kweli. Mara ya tatu nilipima nikitumaini nimekosea.

Nikuambie la Jumamosi. Nilikuwa natandika vigae vya bafu kwa mwalimu mmoja mstaafu, vimebaki tisa, goti likakataa kunyanyuka. Si maumivu tu, lilikataa kabisa. Nikakaa pale chini robo saa nikijifanya nakagua mteremko wa maji. Mwisho mwenye nyumba na mkewe wakanishika makwapani wakaninyanyua, na yule mama akanipangusa saruji kwenye suruali kama mtoto. Vigae tisa nimeviacha. Kazi ya kwanza maishani mwangu kuiacha njiani, dada. Siku hizi viatu navishwa na mke wangu, na hanitanii, hilo ndilo linaloniuma.

Jana nilikwenda kufanya vipimo vya damu na moyo, ili viwe tayari. Muuguzi akaniuliza, basi tuandike jina lako kwa kalamu? Nikamwambia aandike kwa penseli. Akasema kwa penseli mwisho wake ni tarehe kumi na tano Aprili, baada ya hapo nafasi anapewa mwingine, na foleni ni ya mwaka na nusu. Mwaka na nusu mimi sitembei tena, najijua.

Sasa nangoja goti lako. Tisini kwenye wiki ya sita. Nitumie ukweli ulivyo.

Mdogo wako


Tarehe 19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Haya, pima hii. Sikwambii namba, usije ukasema nimekulisha maneno.

Mambo yamefunguka ghafla, kama walivyosema. Jana nilikaa kwenye cherehani, nikakanyaga dakika ishirini. Nimechora mwenyewe kwa kuwa binti hayupo, kwa hiyo usinicheke ukiona unyayo hauna vidole.

Sina mengi, wateja wananingoja. Ile barua yako ya bafuni nimeisoma mara nyingi. Nenda kaandikwe kwa kalamu.

Dada yako


Tarehe 27 Machi

Dada yangu, wewe ni jasiri!

Tisini na saba! Nilimwita mke wangu ashike ncha ya pili ya karatasi, nikapima mbele yake, akapiga kigelegele ambacho hata mimi nimekisikia. Kutoka sitini na moja wiki tatu tu! Huyo bwana mwenye mikono migumu mpe salamu zangu.

Nimelala usingizi jana. Nilikuwa sijalala.

Bado moja tu, ile ya mia na kumi. Najua nakuchosha, lakini nipe hiyo moja kabla ya tarehe kumi na tano na sitakuomba tena kitu. Nimewaza tuje tukutembelee wikiendi moja mwezi ujao, wifi yako amekukumbuka.

Mdogo wako


Tarehe 10 Aprili

Mdogo wangu,

Hii hapa. Nadhani itakutosha.

Usije kwanza. Nina kazi nyingi, sare za shule za muhula mpya, nyumba imejaa vitambaa hata pa kukaa hapana. Mje mkishamaliza mambo yako ya hospitali.

Usinisifu tena, tafadhali. Nenda ukaandikwe.

Dada yako


Tarehe 24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimelala chali, daftari limeegemea kifuani, ndiyo maana mwandiko umelala.

Barua yako ilifika tarehe kumi na tano asubuhi. Nikapima: mia na kumi na sita. Nikaenda hospitali siku hiyohiyo kuandikwa kwa kalamu, nikamkuta muuguzi na simu sikioni. Mgonjwa wa Jumatano alikuwa amejitoa. Akaniuliza, vipimo unavyo tayari, unaiweza keshokutwa? Nikasema naiweza. Nikamkataza mke wangu asikwambie, nilitaka nije nikutokee mlangoni natembea.

Wamenipasua tarehe kumi na saba. Nina siku saba na goti jipya.

Jana, kwa kuchoka kutazama dari, nilimwomba mke wangu anibandikie karatasi zako ukutani, zote tatu, zinipe moyo. Akazibandika zote upande wa chaki. Dada, mimi nimekata vigae vya kona maisha yangu yote. Makosa ya fundi anayeanza ni kukata kona kinyume, ya kushoto ukaipeleka kulia. Ukishaharibu kigae kimoja hivyo hurudii tena, jicho linajifunza. Karatasi ya kwanza goti linatazama mlangoni. Ya pili na ya tatu linatazama dirishani. Nikamwambia azizungushe, juu chini, pembeni, namna zote. Hazilingani. Ya kwanza ni mguu wako wa kulia. Hizi nyingine mbili ni wa kushoto, mguu mzima ambao kisu hakijaugusa.

Niliingia chumba cha upasuaji kwa mguu wako wa kushoto.

Sijui nikutukane au nilie. Mke wangu alimpigia binti yako, eti kujulia hali tu. Kasema mama yuko vizuri, mazoezi ya hospitali ameshahitimu. Umehitimu wapi? Leo muuguzi alipokuja nyumbani kunibadilishia bendeji nimemuuliza, bila kutaja jina: goti likikataa kukunjika inakuwaje? Kasema ndani kunaota kovu, na kovu likiwa bado changa daktari humlaza mgonjwa kwa dawa akalikunja goti mwenyewe, dakika chache tu. Lakini wanapenda iwe kabla ya miezi mitatu. Baada ya hapo kovu limekomaa, linabaki hivyo au upasuliwe upya.

Wewe ulipasuliwa tarehe tano Februari. Tarehe tano Mei ni Jumapili ya wiki ijayo.

Barua hii mke wangu anampa kondakta wa basi la asubuhi, naye atakuletea mpaka mlangoni. Sijamwambia binti yako. Mwambie wewe. Nakupa mpaka Jumamosi, ikipita nitamwambia mimi, na wala sitajali utanichukia miaka mingapi.

Mdogo wako


Tarehe 26 Aprili

Mdogo wangu,

Kondakta alinikuta nimekaa mlangoni mguu umenyooka mbele yangu, watu wanauruka. Nilisoma pale pale.

Ni kweli. Mguu wa kushoto. Na aibu yangu ni mara mbili, maana mimi nami ni fundi. Ningemkatia mteja koti lenye mikono miwili ya kushoto ningefunga duka. Siku ile nilikuwa nimelia, nikachora haraka kabla moyo haujageuka, pande sikuziwaza kabisa.

Nikueleze lilivyokuwa. Siku ya nne ya mazoezi yule bwana alikandamiza, nikapiga yowe. Nje kwenye benchi alikuwako mzee anangoja zamu yake. Alipolisikia akachukua kofia yake akaondoka. Nilimwona dirishani anachechemea kwenda zake. Nikajiambia mimi ndiye niliyemtia hofu mgonjwa yule. Nyumbani nikawa nikifikisha ile sehemu inayouma naacha, naweka mto chini ya goti, napata nafuu. Kumbe ule mto ndio ulioniponza. Hospitali nikawaambia nafanya mazoezi kwa jamaa yangu mmoja anayejua, wakaniandika hivyo. Siku ya kumwona daktari, tarehe tatu mwezi huu, sikwenda.

Halafu ikaja barua yako ya vigae tisa. Nilikuona umekaa chini kwenye lile bafu la watu. Nikaona goti langu likikuonyesha sabini hutakwenda, na usipokwenda utaishia kitandani, na sababu itakuwa mimi. Sikupata usingizi. Asubuhi nikachora. Nilidhani nitalifikisha langu kabla ya Juni na hutajua kamwe.

Liko sabini na moja. Nashuka ngazi kwa makalio. Cherehani sijaifunua tangu Februari, sare nilizokutajia hazipo.

Na jambo moja zaidi nililokuficha. Ile sindano ya mgongoni inaua miguu, masikio haiyaui. Nilisikia nyundo. Walikuwa wananigongea goti jipya, ko, ko, ko, na kitanda kinatikisika, na wao wanaongea habari za foleni barabarani. Tangu siku hiyo fundi makenika jirani akigonga chuma najiziba masikio. Sasa unaniambia nirudi mle. Safari hii wanasema nitalala kabisa. Hilo nalo linanitisha zaidi, kulala halafu mtu anivunje kovu sipo.

Binti nimemwambia usiku wa jana kwa simu. Alilia, akanifokea kama mimi ndiye mtoto, akakata simu. Leo asubuhi akapiga tena, ameshaongea na hospitali: wamenipa tarehe tatu Mei, saa mbili asubuhi. Nimeitikia. Lakini sikuapii kwamba nitaingia.

Nisamehe. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Dada yako


Tarehe 29 Aprili

Dada,

Ningekwambia ukweli, halafu nisingelala. Hata hivyo sijui. Ni rahisi kusema ukiwa umeshakasirika.

Nyundo nami niliisikia. Nilimuuliza daktari ni ya mpira au ya chuma. Chumba kizima kikacheka. Mimi ile sauti ilinituliza, nikajua walau kuna mtu anafanya kazi ninayoielewa. Kwa hiyo ukiikumbuka, jiambie ilikuwa mtu kazini. Na safari hii hakuna nyundo. Nimehakikisha. Mikono yake tu na goti lako.

Sasa langu. Kukusuta nimekusuta, basi nisijifanye malaika. Tangu zile karatasi zibandikwe ukutani sijalikunja goti. Mwanamke wa hospitali anayekuja nyumbani kunifanyisha mazoezi, akiingia najifanya nimesinzia. Nikilikunja kidogo nasikia kama kitachanika kitu, nawaza lako, naacha. Mpaka lini, sijui. Jana alinipima kwa nguvu: arobaini na nne. Wiki ya pili inaisha. Alimtazama mke wangu, mke wangu akatazama chini, kwa hiyo nimeelewa.

Nina hasira na wewe bado. Ingia tarehe tatu. Siwezi kukuahidi lolote, wala sikuwekei masharti. Masharti yangu ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Mdogo wako


Tarehe 3 Mei, saa moja na nusu asubuhi

Mdogo wangu,

Niko kwenye benchi la hospitali. Binti kaenda kuandikisha. Nimevaa gauni lao, nyuma limeshonwa vibaya, uzi umeachwa unaning'inia, nimetamani mkasi.

Mara mbili nimesimama nikaelekea mlango wa nje. Goti lenyewe halinipi mwendo wa kukimbia.

Wanaita


Tarehe 9 Mei

Mdogo wangu,

Niliingia. Nimetoka.

Nikueleze yote kama yalivyo, pamoja na yale yasiyopendeza. Nikiwa nimelala daktari alilifikisha mia na tano. Anasema alisikia kovu likiachia. Nilipoamka nililia kwa maumivu, sikuona aibu, wodi nzima ilinisikia. Kesho yake lilikuwa tisini na tano. Leo ni themanini na nane. Ni kawaida kurudi nyuma kidogo, anasema, ila angependa ningekuja wiki ya saba, siyo ya kumi na tatu. Nilimuuliza litafika mia na kumi? Kasema tisini na tano, labda mia, nikijitahidi kila siku. Kupiga magoti nisahau. Ngazi nitapanda, moja moja.

Hayo ndiyo matokeo yangu. Sehemu moja ni goti lilivyo, sehemu kubwa ni uwongo wangu.

Wifi amenipigia jana. Anasema bado unageukia ukutani huyo dada wa mazoezi akija. Kasema pia hukumtuma anipigie, na nisikwambie. Nimechoka na mambo ya kutoambiana.

Wewe una wiki tatu tu, mdogo wangu. Una nafasi ile niliyoichezea. Hilo la kuchanika unalolisikia ndilo nililolisikia mimi, nikaweka mto. Hakichaniki kitu. Mshono umeshashika, nimewauliza, nikarudia kuwauliza.

Nimekata tiketi ya basi la Jumamosi, kiti cha mbele ili mguu upate pa kunyooka. Binti kakasirika, daktari karuhusu, mradi kila saa nisimame nitembee, na mazoezi yangu niyafanye huko huko kwenu. Basi nitakaa kwenye kiti kando ya kitanda chako. Akija huyo dada, mimi nakunja langu, wewe unakunja lako. Ukipiga yowe nitapiga la kwangu, na wifi atafute pa kwenda.

Mwisho wa barua yako ya kwanza uliniambia unaogopa, mimi nikakujibu mambo ya matunda na chaki. Hilo ndilo linalonikaa rohoni kuliko hata karatasi. Leo ukiniuliza kama goti lako litapona, nakujibu sijui. Langu je? Sijui. Naogopa sana, na ninakuja.

Dada yako